Ekstensheni yenye soketi kuu: kitufe kimoja kwa kabati zima la gemu

Kabati la gemu nililolitengeneza nyumbani lina kompyuta ndogo, monita, amplifaya na taa ya ubao wa juu, na kwa muda mrefu kila aliyetaka kucheza alilazimika kupenyeza mkono nyuma yake ili aviwashe kimoja kimoja. Kuzima vyote kwa swichi ya ukutani hakufai, kwa sababu kompyuta inayokatiwa umeme ghafla inaweza kuharibu mafaili yake. Ndipo nikanunua ekstensheni yenye soketi kuu moja na soketi tegemezi tatu.

Soketi kuu hupima mkondo unaovutwa na kompyuta. Mkondo ukivuka kiwango kilichowekwa, rilei iliyomo ndani, yaani swichi inayofunguliwa na kufungwa kwa umeme, huziruhusu soketi tegemezi kupitisha umeme, na kompyuta ikizimika, vifaa vingine huzimika nayo. Kilichobaki ni kitufe cha kuiamuru kompyuta yenyewe. Nilitumia kitufe cha kawaida cha gemu, cha tundu la milimita 30, nikakiunganisha kwa nyaya mbili nyembamba na zile pini mbili za ubao mama zinazopokea swichi ya kuwashia. Hapo hapapiti volti 230 bali volti chache tu, wala haidhuru waya upi umekwenda pini ipi. Tahadhari iko kwenye maikroswichi, ile swichi ndogo iliyo chini ya kitufe, ambayo ina miguu mitatu: nilichagua kwanza ule ambao mguso wake umefungwa wakati kitufe hakijabonyezwa, ubao mama ukadhani kitufe kimekandamizwa bila kuachiwa, na kompyuta ikawa inawaka na kuzimika baada ya sekunde chache.

Kasoro ya ekstensheni niliigundua jioni ya kwanza. Kompyuta ilipotulia kwenye orodha ya gemu, matumizi yake yalishuka chini ya kiwango kilichowekwa kiwandani; nikasikia "tak", monita ikawa nyeusi, na mwanangu akanitazama kana kwamba nimeizima makusudi. Kijitabu cha ekstensheni hakisemi lolote kuhusu jambo hilo, na kwa kweli hilo lilinikera kuliko kasoro yenyewe. Dawa ni skrubu ndogo iliyo upande wa chini, ambayo niliizungusha kidogo kidogo kwa bisibisi mpaka rilei ikatulia kompyuta ikiwa imewashwa bila kazi, lakini bado ikaachia inapozimwa. Tangu hapo haijanisumbua.

Anayetumia Raspberry Pi asiinunue. Kikompyuta hicho huvuta wati chache mno hata gemu inapochezwa, kwa hiyo ekstensheni inaweza kushindwa kutofautisha kati ya kucheza na kuzimwa. Kwake ingefaa zaidi rilei inayoamriwa na Pi yenyewe, na upande wa volti 230 aachiwe fundi umeme.