Codespell au Aspell: ipi ya kusahihisha tahajia kwenye msimbo?

Zote mbili ni programu za kukagua tahajia. Aspell hulinganisha kila neno na kamusi yake. Lisilokuwemo, inalihesabu kosa. Kwenye barua hilo ni jema. Kwenye msimbo, yaani maandishi ya programu, ni balaa: majina ya kawaida kama "strcpy", "argv", "tmp", yote yanaonekana makosa, na kosa la kweli linazama humo humo.

Codespell imeshika njia nyingine. Ina orodha ya makosa yaliyozoeleka: ikikuta "recieve" kwenye maelezo ambayo mwandishi wa programu huyaweka ndani ya msimbo, inapendekeza "receive"; neno isilolijua inaliacha lipite. Kosa geni, basi, hailioni. Hata hivyo mimi naichagua hiyo, maana chombo chenye kelele nyingi watu huacha kukisikiliza.

Ukiiongezea chaguo la -w unapoiendesha, inarekebisha faili yenyewe, na hapo ndipo pa kuwa mwangalifu. Maelezo, rekebisha bila hofu. Ujumbe wa hitilafu, tazama kwanza kama kuna jaribio la programu linaloutegemea neno kwa neno. Jina ambalo programu nyingine zinalitumia usiliguse kabisa: "Referer" ya HTTP, lugha ambayo vivinjari na seva za wavuti huwasiliana nayo, iliandikwa kimakosa badala ya "Referrer", ikaingia hivyo kwenye RFC 1945, waraka ulioeleza HTTP, mwaka 1996, na hadi leo vivinjari vinaituma na kosa lake.