Kunyooshwa viungo au kujaribu mwenyewe?

Mtoto mchanga anaposhukiwa kuwa na mtindio wa ubongo, yaani hitilafu ya ubongo inayoathiri misuli na mwendo, wazazi huelekezwa kwenye mojawapo ya njia mbili: mtaalamu wa fiziotherapia amkunje na kumnyoosha viungo kliniki, au apangiwe michezo ya nyumbani inayomfanya aanzishe mwendo yeye mwenyewe. Njia ya kwanza hulegeza kwa muda misuli iliyokaza, lakini mwili unaosogezwa na mikono ya mwingine haujifunzi kusogea.

Ya pili ninaiunga mkono bila kusita, kwa kuwa ubongo wa miezi ya mwanzo hujijenga kufuatana na matumizi: kichezeo kinapowekwa mbali kidogo na mkono dhaifu, mtoto akaunyoosha, akakikosa, akarudia mara nyingi kila siku, anapata mazoezi ambayo miadi ya kliniki pekee haiwezi kumpa. Mtaalamu bado anahitajika, aweke malengo na kumfundisha mama, baba au bibi.

Wala kusubiri hakufai. Mwongozo wa kimataifa wa 2017 unaeleza kuwa utambuzi unawezekana kabla ya miezi 6, ambayo kwa mtoto njiti huhesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, na kwamba penye shaka kubwa mazoezi yaanze mara moja.