Loctite 243: gundi ya bluu kwa bolti za injini

Kwa anayejitengenezea gari mwenyewe, hii ndiyo gundi ya bolti ninayoipendekeza kwanza. Bolti za breketi ya alterneta yangu zilikuwa zikilegea kwa mtikisiko hata nikiweka washa za springi (ambazo, kusema kweli, siziamini tena). Tangu niipake, mkanda haujapiga kelele.

Hukauka pale hewa inapokosekana na chuma kinapoigusa, ndiyo maana chupani hubaki majimaji. Chupa haijazwi hadi juu. Usidhani umepunjwa, hewa ile ni ya makusudi. Tone moja kwenye hesi latosha. Inavumilia mafuta kidogo, lakini mimi bado nasugua hesi kwa brashi ya waya na kuzifuta kwa kisafisha breki. Kisha naiacha saa 24 ishike barabara.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba inafunguka kwa spana ya kawaida. Ile nyekundu ya 271 hudai moto wa nyuzi kama 250 ndipo ilegee. Kwenye bolti ndogo ya M6 siiweki ng'o.

Kikomo cha 243 ni nyuzi 180 za selsiasi, kwa hiyo bolti za ekzosi zisahau. Za silinda hedi nazo usizipake kitu ambacho mtengenezaji hakukiagiza, kwani utaharibu kipimo cha kukaza. Ikichuruzika karibu na soketi za nyaya, ifute upesi: baadhi ya plastiki hupasuka zikiguswa nayo.