Uzoefu wangu na misaada ya chakula ya serikali Marekani: SNAP, WIC na kisanduku cha wazee

Naandika haya kwa ajili ya akina mama wanaonipigia simu usiku nikiwa kazini: "Dada, wamenikatia fudistempu, nifanyeje?" Swali langu la kwanza huwa ni moja. Ile bahasha umeiweka wapi?

Tulifika Marekani mwaka 2016 tukitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania. Kule chakula cha mgao tulikijua vizuri: unga wa mahindi, maharage, mafuta, chumvi, na unga wa uji kwa watoto. Siku ikitangazwa unakwenda na kadi yako, unapanga foleni, wanahesabu vichwa vya familia, wanakupimia, unajitwika, unarudi nyumbani. Foleni unaiona kwa macho, na ukichelewa unajua umechelewa. Huku foleni haionekani. Foleni iko kwenye sanduku la barua, na mtu anaweza kutolewa humo amelala kitandani kwake, amechoka na zamu ya usiku, asijue lolote mpaka siku anafika kwa keshia na kadi haina kitu.

Nianze na SNAP, ambayo ndiyo watu wetu wanaiita fudistempu mpaka leo. Sheria yake ni ya 1964, jina la SNAP likaja 2008. Unapewa kadi kama ya benki yenye namba ya siri, na kila mwezi tarehe yako ikifika hela inaingia. Kiasi kinafuata idadi ya watu, kipato na kodi ya nyumba. Tangu Oktoba 2025 kiwango cha juu kwa familia ya watu wanne ni dola 994 kwa mwezi katika sehemu kubwa ya nchi, lakini ukiwa na kazi utapata pungufu ya hapo, wengine pungufu sana. Kadi inanunua chakula cha kupika: mchele, nyama, unga wa muhogo, ndagala (dagaa), mawese, sombe (kisamvu) ya barafu katika maduka ya Kiafrika yanayoipokea. Sabuni hainunui, pampasi hainunui, dawa hainunui. Kuku aliyeokwa wa moto hapana, kuku mbichi ndiyo. Tangu Januari 2026 majimbo kadhaa yameanza kuzuia hata soda na peremende, kwa hiyo uliza sheria ya jimbo lako kabla hujajaza kitoroli.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia kwa miaka mitatu ni kwamba kadi hiyo inanunua pia mbegu na miche ya chakula. Mama yangu alipojua hilo alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama kuna lengalenga, yaani mchicha. Dukani hatukuipata, lakini tulipata nyanya, bilinganya na maboga, na maboga ndiyo tuliyoyataka zaidi, kwa ajili ya majani. Tuna kipande cha ardhi kwenye bustani ya jumuiya, si kikubwa kupita chumba cha kulala. Mwezi wa saba tulikuwa tunachuma majani ya maboga kila baada ya siku mbili na kuwagawia majirani. Kwa dola chache za kadi, hiyo ndiyo manunuzi bora niliyowahi kufanya.

Usaili wa kuomba SNAP kwetu ulifanyika kwa simu. Mkalimani ni haki yako na ni bure. Sema tu "Swahili" mwanzoni, usubiri waunganishe. Usimtumie mtoto. Mimi mara ya kwanza nilimweka binti yangu wa miaka kumi na moja aongee, na alipoulizwa mshahara wa baba yake alitaja hela ya wiki mbili kama ya mwezi. Kusahihisha kosa lile kulinichukua muda kuliko usaili wote. Kuna swali moja wataliuliza ambalo sisi hutushangaza: mnanunua chakula na kupika pamoja? Kwa mtu wa kwetu, mama yako akae ndani mwako halafu awe na chungu chake, hiyo ni aibu, ni dalili kwamba kuna ugomvi. Lakini kwao swali hilo ndilo linaloamua nani ni familia moja na nani si familia moja. Jibu ukweli wako ulivyo. Sisi tulisema tunakula chungu kimoja, tukaandikwa pamoja.

Kuhusu wazee kuna jambo ambalo wengi wanalipoteza. Kama nyumbani kuna mtu wa miaka 60 na zaidi, gharama zake za matibabu anazolipa mwenyewe zikipita dola 35 kwa mwezi, kile kilichozidi hupunguzwa kwenye hesabu ya kipato, na msaada unaweza kupanda. Miwani inahesabika, meno yanahesabika, hata nauli ya kwenda hospitali. Ila lazima uwe na risiti. Mimi sasa nina mfuko wa kaki umening'inia nyuma ya mlango wa jikoni, na kila karatasi ya mama inaingia humo siku hiyohiyo.

Sasa bahasha. Ukishapokelewa, baada ya miezi kadhaa wanakuletea fomu ya kuripoti kama kipato kimebadilika, na muda wako ukiisha unaomba upya. Yangu ilikuja mwezi wa tisa, imeandikwa Kiingereza kitupu, rangi yake kama ya matangazo ya bima. Niliiweka juu ya friji pamoja na karatasi nyingine za duka. Mwezi wa kumi na moja kadi ikawa tupu. Nilisimama kwa keshia na vitu vya dola 140 kwenye mkanda, mtoto mgongoni, nikaanza kuvirudisha kimoja kimoja: mchele kwanza, halafu mafuta, halafu nyama. Mama mmoja Mmarekani nyuma yangu alishika ule mfuko wa mchele, akaulipia, hakusema neno. Kurudishwa kwenye orodha kulichukua wiki tano. Hakuna aliyenidanganya na hakuna aliyenidhulumu. Barua ilikuja, ikafika. Lakini nasema kwa uchungu kabisa: kumwandikia mtu barua ya kumkatia chakula kwa lugha asiyoijua si sawa, na afisa yeyote aliyeketi na familia kama yetu hata mara moja anajua hivyo.

Jambo la pili ni wizi. Februari 2025 hela iliingia usiku, na asubuhi nilipokagua salio nikakuta dola tatu na senti kadhaa. Zilitumika saa saba ya usiku katika duka la jimbo ambalo hatujawahi kulikanyaga. Wezi hupachika kifaa juu ya mashine ya kulipia, kinanasa mstari wa sumaku wa kadi pamoja na namba yako ya siri, na kadi nyingi za SNAP hazina chipu kama za benki. Nilipiga namba iliyo nyuma ya kadi, wakaifunga na kunitumia mpya. Hela haikurudi. Ruhusa ya serikali kuu ya kufidia hela iliyoibwa hivyo ilikwisha tarehe 20 Desemba 2024, na sisi tuliibiwa baada ya hapo. Siku hizi nabadilisha namba ya siri kila mwezi kabla hela haijaingia, na jimbo letu lina programu ya simu ya kufunga kadi, basi kadi inalala imefungwa, naifungua nikiwa tayari kwenye mstari wa malipo. Kabla ya kuchomeka kadi, tikisa kwa mkono pale pa kuingizia kadi kwenye mashine. Kikicheza, ondoka.

WIC ni kitu kingine kabisa, na kama ningeambiwa nitoe nyota, hii ndiyo ningeipa zote tano. Ni ya wajawazito, waliojifungua, wachanga, na watoto mpaka wanapotimiza miaka mitano. Kliniki yake ya kwanza ilifunguliwa Pineville, Kentucky, mwaka 1974. Unafika kliniki, wanampima mtoto urefu na uzito, wanamtoboa kidole kuangalia damu, halafu mtu anakaa na wewe mnazungumza mtoto anakula nini. Mwanangu wa tatu alikutwa na upungufu wa damu. Yule mtaalamu wa lishe hakunigombeza. Aliniuliza kwetu tunapika nini, nikamtajia maharage, sombe, samaki, akaniambia, basi mpe hivyo hivyo, punguza maziwa, kwa kuwa mtoto alikuwa anashiba maziwa na kukataa chakula. Baada ya miezi mitatu damu ilikuwa imepanda. Hata kama kusingekuwa na chakula kwenye ile kadi, ningeendelea kwenda.

Ugumu wa WIC uko dukani. Siyo hela ya kununua utakacho. Ni orodha: maziwa, mayai, nafaka za asubuhi, mkate wa ngano isiyokobolewa au mchele wa kahawia, maharage au siagi ya karanga, pamoja na dola 26 kwa mwezi kwa kila mtoto za matunda na mboga. Ukubwa wa pakiti lazima uwe ule ule. Maziwa ya mafuta kamili ni ya mtoto wa mwaka mmoja; akishafika miwili anapewa yaliyopunguzwa mafuta. Mimi nilichukua yenye kifuniko chekundu kwa mtoto wa miaka mitatu, mashine ikakataa mara tatu, foleni ikarefuka. Tumia programu ya simu kupiga picha msimbo wa pakiti ukiwa bado kwenye rafu, itakwambia inakubalika au la. Na kumbuka, kisichotumika mwezi ukiisha kimepotea, tofauti na SNAP ambayo salio linabaki kwa miezi. Ile siagi ya karanga, ukipata isiyo na sukari, inaingia kwenye sombe vizuri sana. Binti zangu hawajui sombe ya karanga ya kutwanga. Ya kwao ni ya kopo, na wanaipenda.

Shuleni sina mengi. Watoto wangu wanakula asubuhi na mchana bila kulipa, na kiangazi kuna vituo vya chakula kwa yeyote wa miaka 18 kushuka chini, hakuna fomu. Tangu 2024 kuna pia dola 120 za kiangazi kwa kila mtoto anayestahili, katika majimbo yaliyokubali. Kwetu kadi zake zilikuja katika bahasha nyeupe isiyo na alama yoyote. Safari hii nilifungua.

Kisanduku cha wazee ndicho nataka watu wetu wakijue, maana kila nikikitaja nasikia, "Kumbe?" Jina lake rasmi ni CSFP, cha wenye miaka 60 na zaidi walio na kipato kidogo. Kila mwezi mama anapata sanduku: makopo ya mboga na matunda, juisi, nyama au samaki wa kopo, maziwa yasiyohitaji friji, nafaka, na kipande cha jibini cha ratili mbili. Hakipatikani kila kaunti, na mahali pengine kuna orodha ya kusubiri. Ukipata, mzee si lazima aende mwenyewe; unaweza kumpokelea ukiwa umeandikishwa. Mama jibini hali, anasema inanuka kama kitu kilichosahauliwa. Anampa jirani yetu, bibi wa Kimarekani wa ghorofa ya chini, naye siku mbili baadaye hupanda ngazi na mkate wa mahindi.

Lazima niseme na hili. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imewaondoa kwenye SNAP wenye hadhi ya ukimbizi mpaka wapate kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi kwa kudumu. Sisi tulipofika, wiki ya pili tulikuwa na kadi, na ile kadi ndiyo iliyotulisha kabla baba watoto hajapata kazi. Siwezi kufikiria miezi ile bila kadi. Kama umefika karibuni na umekataliwa SNAP, usikae ukiamini umekataliwa vyote. WIC haiulizi hadhi yako ya uhamiaji. Chakula cha shule pia hakiulizi. Piga simu 211, namba ya kuulizia misaada, ni bure, omba mkalimani, uulize vituo vya chakula vilivyo karibu. Na maombi ya kadi ya kijani yapeleke mara tu unapotimiza mwaka.

Novemba 2025, shughuli za serikali kuu ziliposimama, SNAP ya mwezi ule ilichelewa nchi nzima. Mama hakuuliza mengi. Alitoa makopo yake yote chini ya kitanda, akayapanga mezani, akahesabu vichwa vya nyumba kwa kidole, kama walivyokuwa wakituhesabu Nyarugusu.

Fomu yetu ya miezi sita imefika juzi. Iko mezani, imefunguliwa, karatasi nne za mshahara zimebanwa juu yake, na kesho nikitoka zamu naipeleka kwa mkono wangu nigongewe muhuri wa kupokelewa.