Mijitu ya Max na mwezi wa kumi na nne (uzoefu wangu, nyota 4)

Kitabu chenyewe ni Where the Wild Things Are cha Maurice Sendak, cha mwaka 1963, Kizungu lakini maneno machache mno, mie namsomea mwanangu wa miaka sita kwa Kiswahili hapo hapo huku naangalia picha. Nimeagizia Darajani kwa mtu anauza vitabu vya mitumba, 15,000, kaniambia kama kipya, kimefika huku Wete kimebandikwa selotepu ndani, tena imepita juu ya michoro. Kingekuwa kitabu chengine ningenyamaza, ila hichi picha ndo mali yenyewe.

Mwanzo mtoto Max kavaa nguo ya mbwa mwitu anafanya utundu, kipicha kidogo tu katikati ya karatasi nyeupe, unamuona kabisa kabanwa. Mama ake kampeleka kulala bila kula, chumba kikaanza kuota miti, na kila ukifunua picha inanenepa inakula ule weupe mpaka anafika kwa mijitu ya mwituni, ile ngoma yao sasa, kurasa mbili mbili mara tatu, hamna hata neno moja. Mie sina cha kusoma nikanyamaza, mwanangu ndo akaanza kunguruma mwenyewe. Max akishakumbuka kwao picha zinasinyaa tena.

Mavyaa kapita, kaona makucha na macho ya manjano: "We mwanangu, mashetani hayo, unamsomea mtoto magharibi hii?" Nikamwambia mchoraji mwenyewe alisema kawatoa kwa jamaa zake, wajomba na mashangazi waliokuwa wakija kwao Brooklyn kuwafinya watoto mashavu. Akavaa miwani. Akaniuliza mbona huyu wa kwenye jalada ana miguu ya mtu? Kweli, mwili wa jitu, nyayo za binadamu, mie nilikuwa sijaziona. "Basi yule mwenye pua namjua," akacheka peke yake.

Lakini mwanangu ndo kanishinda. Mwanzo dirishani kwa Max mwezi mwembamba, mwisho dirisha lile lile mwezi duara. "Mama, huu wa kumi na nne, sasa chakula hakijachacha?" Maana kitabu kinasema Max kakuta chakula chake bado cha moto! Sikuwa na jibu. Nadhani mwezi ule ni yeye mwenyewe, kaondoka kapungua na hasira zake karudi kajaa, lakini mtoto wa miaka sita humwambii hivyo.

Na ukurasa wa mwisho hauna picha kabisa, ni hayo maneno ya chakula cha moto basi. Mama mtu hajachorwa popote kitabu kizima. Bibi yake kaangalia ile karatasi nyeupe, akasema, "Mama ake kapita hapo."

Nyota moja nimeikata kwa selotepu. Ukinunua mtumba mwambie muuzaji akifungue katikati akupigie picha kabla hujatuma hela.