Blanketi la umeme la kujifunika: nyota 4 kati ya 5

Tulilinunua pauni 45 hapa Leicester, Uingereza, baridi ilipoanza kuuma, na ningelinunua tena. Ni lile la kujifunika ukiwa umekaa kwenye kochi, si la kutandika chini ya shuka. Lina swichi ya mkononi yenye namba 1 hadi 6, na baada ya saa 3 linajizima lenyewe.

Ugomvi wetu ulikuwa ukutani, kwenye themostati, kile kidude cha kupangia joto la nyumba nzima. Mama mkwe, Mombasa damu, anataka nyuzi 23. Baba watoto anarudi kutoka ghalani na jasho lake, anataka 17 na dirisha wazi. Kila mmoja akipita pale anajifanya ana safari zake, huku kidole kinabonyeza. Bili inakuja kwa jina langu.

Blanketi linakula wati 120. Kwa umeme wa peni 26 hivi kwa yuniti, saa nzima ni kama peni 3. Hita ndogo ya kilowati 2 ni peni 52 kwa saa hiyohiyo. Gesi ni rahisi kwa yuniti, lakini boila, mtambo wa gesi unaopasha nyumba, ya kilowati 24 ikiwaka kwa nguvu zote nusu saa imeshameza yuniti 12, tena inapasha hadi vyumba visivyo na mtu. Vyumba vya juu nimevipunguzia joto kwa vali za rejeta, yale mabati ya ukutani yanayopasha chumba; ziko namba 2.

Mama alipofunikwa mara ya kwanza alisema, "Sasa hili ndilo blanketi, mwanangu. Yale mengine mlikuwa mkinifunika gazeti." Themostati imetulia 19, haina anayeigusa. Chini ya 18 siendi: ndicho kiwango NHS, huduma ya afya ya taifa huku, inachoshauri, na blanketi halizuii ukungu ukutani.

Wenye wazee wanaougua kisukari muwe macho. Miguu yao huenda isihisi moto, kwa hiyo Mama hapiti namba 3, na miguu anaivika soksi tu.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya waya. Ni mfupi mno, ikabidi kochi lihamie kwenye soketi. Na likijizima Mama akiwa amesinzia, anashtuka: "Wamekata umeme?"

Linafulika kwa mashine ukishachomoa waya. Chukueni la rangi nzito. Letu ni jeupe, na tayari lina doa la achari.