Ruzuku ya Drug-Free Communities: Fedha Njema, Masharti Mazito

Mpango wa Drug-Free Communities, uliotokana na sheria ya mwaka 1997 nchini Marekani, huvipa vikundi vya mitaa vinavyowakinga vijana dhidi ya dawa za kulevya hadi dola 125,000 kwa mwaka, kwa miaka mitano inayoweza kuongezwa hadi kumi. Ninaupenda hasa kwa sababu kazi haiachwi mikononi mwa polisi peke yao: kikundi sharti kiwe na wajumbe kutoka sekta 12, wakiwemo vijana wenyewe, wazazi, shule, viongozi wa dini na wahudumu wa afya, watu ambao mara nyingi hawaketi meza moja.

Kinachonisikitisha ni mchango wa wenyeji. Kila dola ya serikali hudai dola ya kikundi, na kuanzia mwaka wa saba mchango hupanda hadi asilimia 125, kisha 150 katika miaka miwili ya mwisho. Saa za kujitolea huhesabiwa, kwa hiyo mama anayekaa na vijana jioni baada ya kazi huchangia kwa kusaini daftari la mahudhurio. Lakini mtaa maskini, ambao ndio wenye uhitaji mkubwa zaidi, ni nadra kuwa na mtu wa kukesha na makaratasi hayo. Huko, masharti yalegezwe.